Nusu na Kumi na Tatu

Juzi nimemfokea kijana wa watu mpaka sasa naona haya. Ilikuwa hapahapa Iringa, kwenye gereji moja kule Ipogolo. Gari langu lilikuwa juu ya jeki, gurudumu la mbele limetolewa, na fundi, kijana mpole tu, amelala chali anataka kufungua mpira wa breki uliokuwa unavuja. Mimi nimekaa pembeni kwenye stuli na kikombe cha chai, sina habari na mtu. Mara nikamwona anaokota spana ya mdomo wazi, ile ya kawaida, anaipachika kwenye nati ya mpira. Weee! Sijui hata niliinukaje. Chai ilinimwagikia mapajani, nikapiga ukelele gereji nzima ikageuka: “Toa hiyo spana! Itoe!”

Kijana alichomoka chini ya gari akidhani jeki imeteleza. Aliponikuta mzima akashusha pumzi, akacheka. “Mama, umenitisha. Hii ndiyo saizi yake, mbona inaingia vizuri.”

“Kuingia siyo kushika,” nikamjibu.

Maneno hayo si yangu, ni ya baba. Sikuwahi kuyatamka kwa sauti tangu nina miaka kumi. Nikaliacha gari palepale juu ya jeki, nikarudi nyumbani kwa miguu huku nalia, mtu mzima na mkoba wangu begani, watu wananipisha njia. Kesho yake asubuhi nikapanda basi la Mbeya. Nitakufikisha huko, usijali, lakini kwanza inabidi uijue gereji ya baba, na inabidi uzijue spana zake, la sivyo utaniona mwehu.

Nyumba yetu iko Soweto, Mbeya. Enzi hizo ulikuwa mji tu, hakuna aliyeuita jiji. Mbele palikuwa na baraza, nyuma ua mpana wenye udongo mweusi kwa oili, na huko uani ndiko ilikokuwa gereji. Asubuhi za Juni na Julai baridi ilikuwa haina adabu. Ukungu unashuka kutoka mlima Loleza mpaka ndani ya ua, unamsikia baba anagonga chuma lakini mwenyewe humwoni. Bibi, mama yake baba, mzaliwa wa pwani aliyeletwa huku na mume, hakuizoea baridi ile mpaka anaingia kaburini. Alikaa jikoni na kanga tatu juu ya sweta la baba, anapika vitumbua na kuilaani Mbeya: “Nchi gani hii, hata mafuta ya kula yanaganda chupani!” Harufu ya iliki na harufu ya dizeli zilikutana pale mlangoni, na mpaka leo nikiisikia moja naitafuta na nyingine.

Nilikuwa mtoto pekee, na baba hakujali kwamba ni wa kike. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa spana. Nazikusanya zilikotupwa, naziosha kwa petroli ndani ya karai, nazifuta na tambara, nazitundika ukutani kila moja kwenye msumari wake. Vidole vyangu vilikuwa vinanuka petroli hata darasani, na mwalimu alinihamishia dirishani. Mimi nilijiona wa maana sana. Wenzangu wanajua kudaka na rede, mimi najua ipi ya kumi, ipi ya kumi na saba, bila kuangalia, kwa kupima tu uzito mkononi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penyewe. Nati ya mpira wa breki siyo nati kama nyingine. Ni laini, na katikati yake imepitiwa na paipu. Ukitaka kuivisha spana ringi, ile ya duara, huwezi, paipu inakuzuia. Ukitumia ya mdomo wazi, inashika pande mbili tu kati ya sita, na ukikaza kwa nguvu inazila pembe, nati inabaki duara kama kifungo cha shati, haifungiki wala haifunguki. Inatakiwa spana ringi yenye mdomo uliokatwa kidogo, upenyo wa kupitisha paipu tu, ikishapita inaikumbatia nati karibu pande zote. Siku hizi zinauzwa madukani kwenye maboksi ya plastiki. Wakati ule, nani akuletee? Baba alichukua spana ringi nzima, akaibana kwenye jiliwa, akaikata upenyo kwa msumeno wa chuma, akaisawazisha kwa tupa siku nzima mpaka ukipitisha kidole husikii hata ukwaruzo. Akaiita spana pengo. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeng'oka meno ya mbele mwaka huo, akaniita Pengo vilevile, nikalibeba jina mpaka meno yalipoota na kuendelea.

Zilikuwa mbili. Moja ilikuwa nusu inchi, ya magari ya Mwingereza, yale makuukuu ya wakulima na ya misheni. Nyingine ilikuwa kumi na tatu, ya magari ya Mjapani yaliyokuwa ndiyo kwanza yanajaa mjini. Ukiziweka juu ya meza huwezi kuzitofautisha, hata fundi wa miaka mingi anaweza kukosea. Kumi na tatu imeizidi nusu kwa unene wa ukucha tu. Ukiivisha kumi na tatu kwenye nati ya nusu, inaingia vizuri kabisa. Inaingia, lakini inacheza, na ukikaza inateleza huku wewe unadhani umekaza. Ndiyo maana baba akawa na ule msemo wake. Alikuwa anasema pia, “Hawa ni mapacha, lakini kila mmoja na mama yake,” na wateja wanacheka.

Ili asizichanganye, baba alizipaka rangi. Kila spana ya Mwingereza ilipakwa shingoni rangi nyekundu ya kucha, chupa ya mama. Za Mjapani ziliachwa hivyohivyo. Bibi alimtania hadi akachoka: “Jamani, spana za mwanangu zimepakwa kucha, mkewe hana hata tone!” Mama alicheka na kununa kwa pamoja, maana ilikuwa kweli.

Kulikuwa na sababu nyingine ya ile rangi, ambayo sisi wa ndani tu ndio tuliijua. Baba macho yalikuwa yanamwondoka. Alichomelea vyuma miaka mingi bila miwani ya maana, na sasa maandishi madogo yaliyogongwa kwenye spana hayasomi tena. Rangi nyekundu aliiona. Tarakimu hakuziona. Alitufunga midomo, mama, bibi na mimi: “Nani atamkabidhi breki zake mtu asiyeona?” Nilimsomea mimi, kwa kumnong'oneza pembeni, na nyekundu ilimsaidia nikiwa shule. Mbele ya wateja alinishika kichwani na kusema, “Huyu ndiye mkuu wa stoo.” Ningeweza kufa kwa furaha.

Basi ikaja mkesha wa Idi. Unajua nyumba yenye mwanamke wa pwani inavyokuwa mkesha wa Idi. Mama amefua mapazia yote, bibi anasugua masufuria kwa majivu mpaka yanakuonyesha uso wako, mchele wa Kyela unachaguliwa mawe juu ya ungo. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa ameshaleta gunia la viazi kwa ajili ya pilau, kama alivyofanya kila Idi. Yeye alikuwa Msafwa, Mkristo, mzee wa kanisa, ana shamba la viazi huko juu mlimani njia ya Chunya. Sisi tulimpelekea pilau Idi, wao walituletea kuku wa Krismasi akiwa hai, tumchinje wenyewe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa na hakuna aliyekaa kuitafakari.

Nami nikataka kusafisha changu. Nikaamua spana zote zing'ae, baba akitoka msikitini azikute kama mpya. Petroli ilikuwa imeisha. Lakini palikuwa na kopo la tina, ile ya kuchanganyia rangi, limeachwa na mtu aliyepaka geti. Nikamimina kwenye karai. Zilitakata kweli! Nikasugua, nikafuta, nikazipanga juu ya gunia, ndipo nikaangalia maji ya kwenye karai. Yalikuwa ya waridi.

Tina ilikuwa imekula rangi yote. Hakuna spana hata moja yenye alama.

Sikupiga kelele. Niliingia chumbani kwa mama nikachukua chupa yake mpya ya rangi, aliyoinunua kwa ajili ya Idi na ambayo hajaifungua, nikajificha nyuma ya banda la kuku, nikaanza kuzisoma moja moja. Nilikuwa darasa la nne, tumetoka kufundishwa sehemu. Yenye kimstari katikati ni ya Mwingereza, isiyo na kimstari ni ya Mjapani, rahisi. Zote zilikwenda sawa mpaka nilipofika kwenye zile pengo mbili, ambazo siku zote nilizijua kwa rangi tu, si kwa tarakimu. Ya kwanza ilikuwa imechakaa, imebaki moja na mbili zimekaa pamoja. Nikasema, hii ni kumi na mbili, ya Mjapani. Ya pili ilikuwa na moja na tatu, na katikati mchubuko wa msumeno umelala mshazari. Moja juu ya tatu! Theluthi! Mwalimu alikuwa ametufundisha theluthi wiki ileile. Nikaipaka nyekundu. Ule uliokuwa mkwaruzo nikauona kimstari, na kimstari chenyewe kilichofutika sikukiona. Nikazitundika, nikarudisha chupa, nikaenda kuoga.

Idi ilikuwa nzuri, sitakudanganya. Nilivaa gauni la kijani, nikala mpaka nikashindwa kuinama.

Siku tatu baadaye, mchana wa jua kali, jirani akaja na gari lake, kuukuu la Mwingereza, limeoza kila mahali isipokuwa injini. “Fundi,” akasema, “hii gari inakunywa mafuta ya breki kuliko mimi ninavyokunywa kimpumu. Kesho napandisha kuchukua viazi. Mimi kule kwenye mteremko sitaki kuomba Mungu, nataka kukanyaga breki.” Baba akacheka, akamwambia mpira wa mbele umekufa, akaufungua kwa kuukata, akatoa mpya. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. “Pengo, nipe nusu.”

Nikampa ile nyekundu.

Akaivisha. Nilikuwa nimechuchumaa kando yake, na jirani amekaa ndani ya gari tayari kumsaidia kukanyaga pedali. Baba akaizungusha kidogo, akasimama. “Mbona inacheza?” akajisemea kwa sauti ndogo. Akaitoa, akaipeleka karibu na jicho, karibu kabisa, akapitisha dole gumba juu ya tarakimu. Pale juani, upande wangu, niliziona vizuri sana. Mchubuko ulikuwa mchubuko tu. Ilikuwa kumi na tatu.

Rafiki yangu, nimeirudia dakika hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukwambia. Neno lenyewe lilikuwa moja tu. Lakini ningesema, yangefuata mengine: kwamba nimeosha kwa tina, kwamba nimeiba rangi ya mama, kwamba mkuu wa stoo hajui kusoma. Na jirani alikuwa amechungulia dirishani anatabasamu, ametoka kumwambia baba, “Mtoto huyu ana akili, usimwozeshe mapema.” Nikajiambia baba ni fundi, atagundua mwenyewe. Nikajiambia mapacha ni mapacha. Baba akanitazama, si kuniuliza, alinitazama tu kama mtu anayesubiri. Nikaangalia chini.

Akaona nyekundu, akaiamini. “Nati yenyewe imelika,” akasema, akaivisha tena, akakaza. Jirani akapiga pedali, baba akatoa upepo, pedali ikakaa juu, ngumu, nzuri. Wakapeana mikono. Jirani akanipa parachichi lililokuwa juu ya dashibodi.

Kesho yake, saa tisa alasiri, mtu akaja mbio barabarani akipiga kelele kwamba gari la viazi limetumbukia korongoni. Watu wote wa mtaa wakatoka kuelekea barabarani. Mama na kanga moja, bibi pekupeku, baba na mikono yake ya oili. Mimi nikakimbilia upande wa pili, uani. Nikachukua kopo la tina, nikaifuta ile kumi na tatu mpaka ikawa tupu, nikaipaka nusu rangi nyekundu, nikaipuliza ikauke. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na nilifanya hivyo kwa mikono isiyotetemeka. Hilo ndilo linalonitisha zaidi nikijifikiria.

Jirani alikufa palepale. Mkaguzi wa magari akakuta nati ya mpira wa mbele imelika pembe na imelegea, mafuta yote yamemwagika. Baba alirudi kutoka kituoni na ile nati mfukoni. Akaketi chini uani, akachukua spana nyekundu, akaivisha kwenye nati iliyolika, ikashika. Akachukua isiyo na rangi, akaivisha, ikacheza. Akakaa hivyo, anaivisha hii, anaivisha ile, mama amesimama mlangoni hathubutu kumwita. Mwishowe akasema, “Nilidhani ni nyekundu. Wallahi nilidhani nimeona nyekundu.”

Tulikwenda wote msibani. Mchungaji alimaliza, akasimama mzee wa ukoo, akauliza kama ilivyo desturi, kama kuna mwenye neno kabla hatujamsindikiza ndugu yetu, aseme. Baba akasimama. Amevaa kanzu ya Idi. Akanishika bega ili asijikwae kwenye miguu ya watu, tukaenda mpaka mbele, mimi na yeye. Akasema, “Mimi ndiye niliyefunga ule mpira. Macho yangu hayaoni, nikawaficha. Nimeshika spana isiyo yake. Aliyemuua jirani yangu ni mimi.” Kuni zilikuwa zinalia motoni. Mkono wake ulikuwa mzito begani kwangu. Mwenye neno aseme! Neno nilikuwa nalo, mtaa mzima umetega sikio, na sikulisema.

Mke wa jirani hakumlaani. Afadhali angemlaani. Krismasi ile alituletea kuku kama kawaida, akamweka mlangoni amefungwa miguu, akaondoka bila kubisha hodi. Baba alipomwona yule kuku aliingia ndani akajifunika blanketi mchana kutwa.

Hakushika spana tena. Alizitoa zote ukutani, akaziingiza kwenye gunia, akampa mnunuzi wa vyuma chakavu. Misumari ikabaki ukutani, mitupu, safu kwa safu. Alikaa barazani, na gari likisimama na mtu akiuliza, “Fundi yupo?” alijibu, “Fundi alikufa. Alikufa na jirani yake.” Wengine walicheka wakidhani ni mzaha. Mama akaingia kwenye vitumbua na maandazi, bibi akamsaidia mpaka nguvu zikamwisha, na ua ule ukaota majani. Nilisoma kwa vitumbua vile. Nikawa mtu, kama wanavyosema, nikaajiriwa huku Iringa.

Kisha wakaja madaktari wa macho. Walikaa wiki nzima mjini wanapasua wazee bure, na daktari akamwangalia baba akasema ni mtoto wa jicho tu, dakika chache, kesho unaona. Nilikuwa nimekuja likizo, mimi ndiye niliyempeleka. Nilifikiri, Mungu ameniletea njia: ataona, na mimi nitaweza kumwambia. Baba akamshukuru daktari kwa heshima sana, kisha akasema, “Macho yaliyoua mtu siyahitaji,” akainuka. Nilimshika mkono tukarudi nyumbani. Njia nzima nilikuwa na nafasi ya kusema. Ni njia ndefu ile, ina kona, ina mifereji ya kumvusha. Nilimwambia, “Baba, angalia, kuna jiwe.”

Amekuwa kipofu kabisa tangu hapo.

Sasa nikufikishe Mbeya. Basi lilipopita mashamba ya mpunga ya Rujewa nilikuwa nimeshapanga maneno yangu, na lilipofika Uyole nilikuwa nimeyasahau yote. Nilimkuta baba barazani, ana miaka sabini na saba, mikono iko juu ya fimbo. Mama hayupo, bibi hayupo. Mke wa mpangaji mmoja wa pale uani ndiye anayempikia. Alinitambua kwa hatua zangu. Nikakaa chini kwenye saruji, si kwenye kiti, nikamwambia yote. Tina. Rangi ya mama. Theluthi. Ile dakika juani. Na nilivyokimbilia uani wakati wenzangu wanakimbilia barabarani.

Hakunikatiza. Nilipomaliza, akauliza, “Ilikuwa nyekundu?”

“Ilikuwa nyekundu, baba.”

“Basi niliona.”

“Uliona sawasawa.”

“Niliona,” akarudia. “Niliona.” Akawa anaitikisa fimbo kidogo kidogo. Nilidhani atafurahi. Mungu wangu, mpaka pale nilidhani ninampa kitu. Kisha nikamwona anahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza, na uso wake ukaanza kuporomoka. “Nilikuwa na miaka arobaini na mbili,” akasema. “Ungeniambia hata baada ya mwaka. Hata baada ya miaka kumi. Yule daktari nilimfukuza mbele yako.” Nikasema nisamehe. Akaendelea: “Mama yako amekufa akijua ameolewa na muuaji. Alinilisha miaka yote ile akijua hivyo.”

Nikalia. Yeye hakulia. Akaondoa mikono kwenye fimbo, akaipangusa kwenye shuka, upande huu, upande ule, kana kwamba ina oili. “Mke wa jirani nataka nimwambie,” akasema. “Nipeleke.”

“Alifariki, baba. Mwaka juzi. Ulikuja mazikoni.”

“Mchungaji je?”

“Naye kitambo.”

“Basi nitafutie mtu. Yeyote aliyekuwepo pale msibani akanisikia. Nataka mmoja tu, nimwambie haikuwa mimi.”

Nikaupita mtaa kichwani, nyumba kwa nyumba, kama nilivyokuwa nikiupita nikitumwa chumvi. Kwa jirani sasa ni nyumba ya kulala wageni, ina vigae na taa za rangi, watoto waliuza wakagawana wakatawanyika. Kwa fundi cherehani ni fremu za simu. Palipokuwa na mama wa maziwa mgando pamejengwa ghorofa, na mlinzi wake hajui hata kama Soweto hii iliwahi kuwa na ng'ombe. Yule aliyekuja mbio na habari, marehemu. Mzee wa ukoo, marehemu siku nyingi. Uani kwetu kuna vyumba vya wapangaji, na ukuta ule wa misumari ulibomolewa mimi nikiwa nimelipia mafundi, kwa haraka, nisiuone. Nilifika mpaka mwisho wa mtaa, penye bomba la maji ambalo nalo halipo, nikarudi upande wa pili. Wote walioisikia kauli ya baba wameondoka nayo.

“Nipo mimi, baba,” nikasema. “Mimi nilikuwepo.”

“Wewe ulikuwa unajua,” akanijibu.